Afisa Ustawi wa Jamii Anajuaje?

Mama amekaa mbele ya meza ya afisa ustawi wa jamii katika hospitali moja ya rufaa hapa Dar es Salaam. Mtoto wake ameruhusiwa kutoka wodini tangu jana, ila bili haijalipwa, naye amekuja kuomba msamaha wa gharama. Afisa ana robo saa, pengine pungufu, kwa sababu nje kwenye benchi wapo wengine wanne. Anauliza: mnaishi wapi, baba yuko wapi, mmepanga au mko kwenu, watoto wangapi, kule mlikoanzia matibabu mlilipaje? Anaisoma barua ya serikali ya mtaa. Anamtazama mama mwenyewe, kandambili zake, simu aliyoishika, namna anavyojibu. Halafu anaamua.

Nimeanza na meza hiyo kwa makusudi. Utafiti ukitajwa katika kazi ya ustawi wa jamii, mawazo ya wengi yanakimbilia chuoni: tasnifu, majedwali, warsha. Lakini jambo linalomkabili afisa yule ni swali la utafiti kabisa: utajuaje kwamba kaya fulani ni maskini kweli? Wapo watu waliolisumbukia kwa miaka. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ulioanza mwaka 2012, uliwekewa utaratibu wa hatua kadhaa: yanachaguliwa maeneo, kisha wanajamii wanazitaja kaya katika mkutano, kisha dodoso linaulizia vitu ambavyo ni vigumu kuvificha, kama sakafu na paa, na kutokana na majibu hayo hali ya kaya inakadiriwa. Kwa nini kuzunguka hivyo? Kwa sababu mama ntilie hana hati ya mshahara. Dereva wa bodaboda leo analala na elfu thelathini, kesho pikipiki iko kwa fundi. Ukimuuliza mtu kama huyo kipato chake cha mwezi, hata akitaka kukuambia ukweli hana namba ya kukupa. Na waliochunguza njia hizi wanakubaliana kwamba hakuna hata moja isiyokosea: kila njia huacha nje maskini fulani na kuingiza wasiostahili, na kazi ni kujua inakosea wapi na kwa kiasi gani.

Afisa wa hospitalini anafanya kazi hiyohiyo kwa macho na masikio yake, na mara nyingi hakuna aliyewahi kumkalisha chini amweleze hayo. Ila na yeye anajua jambo ambalo dodoso la sakafu na paa halilioni. Anaiona familia iliyouza kiwanja chake cha Chanika mwezi wa pili, ikauza pikipiki mwezi wa tatu, na sasa inadaiwa na ndugu. Sakafu yao bado ya saruji, paa bado la bati, televisheni bado ipo ukutani. Kwa vitu vinavyoonekana si maskini. Kwa hali halisi hawana hela ya dawa za wiki ijayo. Umaskini unaoletwa na ugonjwa unakwenda mbio kuliko vifaa vinavyoupima, na anayeuona ukiingia ni huyu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki na muhuri mkononi. Anachokijua kinaishia ndani ya jalada, na jalada linaishia kabatini.

Kwa hiyo wanaosema kwamba utafiti uko juu na vitendo viko chini, na kwamba kazi ni kuyateremsha maarifa yawafikie maafisa, wananiacha njiani. Maarifa yapo pande zote mbili, na pande zote mbili yamekwama.

Mkanganyiko mwingine unaanzia kwenye neno lenyewe. Tunasema "utafiti" kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe ndani yake kuna kazi za aina tofauti, na afisa anayepewa ya aina moja akatakiwa kuitumia kama ya aina nyingine lazima apotee.

Chukua utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011 kwa ushirikiano wa UNICEF, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Waliohojiwa walikuwa vijana wa miaka 13 hadi 24 nchi nzima. Karibu wasichana 3 kati ya 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla hawajafikisha miaka 18. Kwa wavulana ilikuwa karibu mmoja kati ya 7. Karibu robo tatu ya wote, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepigwa au kuumizwa mwilini. Takwimu hizo zilitikisa nchi. Kabla yake mtu mzima yeyote angeweza kusema mambo hayo ni ya nadra, ni ya familia mbaya, ni ya mitaa fulani. Baada yake ilikuwa vigumu, na zikawa sehemu ya msingi wa mipango iliyofuata, ukiwamo Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, MTAKUWWA, ulioanza mwaka wa fedha 2017/18.

Huo ni utafiti wa kupima ukubwa wa tatizo, na kwa kazi hiyo hauna mfano. Lakini upeleke kwa afisa wa kata huko Mbagala ambaye asubuhi ya leo ameletewa binti wa miaka 14 na shangazi yake, na mtuhumiwa ni baba wa kambo anayelipa kodi ya nyumba wanayoishi wote. Takwimu inamwambia binti huyu hayuko peke yake. Haimwambii amrudishe nyumbani leo au amtafutie familia ya kuaminika, wala ampeleke wapi kwanza, wala amwambie nini shangazi anayeanza kubadilisha maneno kwa sababu amekumbuka kodi. Maswali hayo yanahitaji utafiti wa aina nyingine: wa kujaribu hatua fulani na kuona kama inasaidia, na ule wa kukaa na watu mpaka uelewe maisha yanavyokwenda kwao. Tumekuwa tukiwapa maafisa aina ya kwanza kwa wingi, kisha tunashangaa kwamba haibadilishi wanachokifanya mezani.

Aina ya pili, ya kujaribu na kuona, ina simulizi moja ambayo ningependa kila mwanafunzi wa ustawi wa jamii aisikie kabla ya kuitwa afisa. Inatoka Marekani, jimbo la Massachusetts. Daktari Richard Cabot ndiye aliyeingiza huduma ya ustawi wa jamii katika hospitali kuu ya Boston mwaka 1905, kwa hiyo meza tuliyoanza nayo inadaiwa naye kitu. Mwaka 1939 ulianza mradi alioubuni kwa ajili ya wavulana wadogo wa miji ya Cambridge na Somerville, ili wasije wakaishia kwenye uhalifu. Wavulana 506 walipangwa wawiliwawili kwa kufanana umri, familia na mtaa, kisha sarafu ikarushwa: mmoja apate msaada, mwenzake asipate. Waliopata walipata kwelikweli. Kwa wastani wa miaka mitano na nusu kila mmoja alikuwa na mshauri aliyemtembelea nyumbani karibu mara mbili kwa mwezi, akamsaidia masomo, akampeleka kwa daktari, akampeleka kambini wakati wa likizo. Nani angepinga?

Baada ya miaka kama 30 mtafiti Joan McCord aliwatafuta watu wale, sasa wazima wenye watoto wao. Waliosaidiwa, wengi wao, walisema mradi uliwafaa. Wengine walimtaja mshauri wao kwa upendo. Lakini McCord alipolinganisha kumbukumbu za mahakama, hospitali na vifo, akachapisha matokeo mwaka 1978, kundi lililosaidiwa halikuwa limefanya vizuri kuliko lile lililoachwa. Kwa vipimo kadhaa lilikuwa limefanya vibaya zaidi: uhalifu wa kurudia, ulevi, maradhi ya akili, kufa mapema. Uchunguzi wa baadaye uliinyooshea kidole sehemu moja hasa, makambi. Wavulana waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja ndio walioharibikiwa zaidi, na maelezo yaliyopewa uzito ni kwamba wavulana wenye matatizo wakikusanywa pamoja wanafundishana.

Sisemi vituo vya kulelea watoto vya Dar vifungwe kwa sababu ya Massachusetts. Jiji hili si Boston, na mtoto anayelala nje pale Kariakoo halinganishwi na mtoto aliyekuwa na mama, kitanda na mshauri. Ninachosema ni kwamba wema wa nia ya mhudumu na shukrani za mteja, vyote viwili, havikutosha kuonyesha kama kazi ilisaidia. Bila kile kikundi cha pili, ambacho hakikupewa kitu, hakuna ambaye angejua. Nikiona ripoti ya mradi inayohitimishwa na picha za watoto wanaotabasamu na maneno "walengwa wameridhika", namkumbuka McCord.

Basi je, afisa afuate matokeo ya utafiti kama maandiko? Hapana, na walioanzisha utaratibu huu hawakusema hivyo. Wazo la kufanya kazi kwa ushahidi lilitoka kwenye udaktari. Daktari David Sackett na wenzake walilieleza mwaka 1996, na miaka michache baadaye wana ustawi wa jamii wakalichukua. Kwa lugha ya jikoni ni mafiga matatu: matokeo bora ya utafiti yanayopatikana, ujuzi wa mtaalamu aliyeko mbele ya mtu huyu, na mtu mwenyewe, na hali yake, anachokitaka na anachokikataa. Sufuria haikai juu ya figa moja. Anayeshika utafiti peke yake atamlazimisha shangazi wa Mbagala afuate mwongozo uliotungwa kwa mji mwingine. Anayeshika uzoefu peke yake atarudia kosa lilelile kwa miaka 20 na kuliita uzoefu. Na anayemsikiliza mteja peke yake ataandika kila anachoambiwa, hata pale mteja anapoongea kwa hofu.

Mafiga hayo yalikaa pamoja hapa hapa Dar es Salaam, na ni jambo tusilolisimulia vya kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 heroini ilikuwa imeingia vijiweni. Watafiti, baadhi wa Muhimbili na baadhi kutoka nje, hawakuishia kwenye takwimu. Walikwenda maskani, wanakokutana watumiaji, wakaongea na mateja wenyewe. Mwaka 2005 waliandika katika jarida la kitabibu la Uingereza jambo walilolisikia kutoka kwa wanawake: mwenye kete anajidunga, anavuta damu yake kwenye sindano, anampa mwenzake asiye na hela ajidunge damu ile, ili apate walau chembe ya dawa ya kumtuliza arosto, yale mateso ya kuikosa dawa. Fikiria maana yake kwa VVU. Dodoso la kawaida lingeuliza "je, mnachangia sindano?" na lisingekaribia kabisa jambo hilo, kwa sababu kwa wenyewe halikuwa kuchangia sindano. Ilikuwa huruma.

Mwezi Februari 2011 Muhimbili ikafungua kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayotibu uraibu wa heroini. Huu ulikuwa upande wa matibabu yaliyokwisha kujaribiwa sana kwingineko duniani: mtu anakunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu, arosto inakatika, anapata nafasi ya kupanga maisha. Ushahidi wa dawa ulikuwepo. Lakini ushahidi wa dawa hausemi chochote kuhusu nauli. Kila siku maana yake ni kila siku, pamoja na sikukuu, na mtu asiye na kibarua anatakiwa kufika Upanga kutoka anakoishi. Hausemi chochote kuhusu mama anayemfungia mwanawe mlango kwa sababu aliuza feni na nguo za wadogo zake, wala kuhusu wanawake, ambao wamekuwa wachache mno kliniki kuliko idadi yao vijiweni. Hapo kazi ni ya watu wa ustawi na ya waelimishaji rika: kwenda maskani, kumrudisha mtu nyumbani, kukaa na mama yule mpaka afungue mlango. Baadaye huduma ilifika Mwananyamala na Temeke pia, karibu zaidi na wanaoihitaji. Nikisoma maelezo ya mambo hayo naona dawa moja, na kuizunguka dawa hiyo mambo kumi ambayo hayamo kwenye chupa.

Hatukuanza jana. Mbinu ya kutafiti pamoja na watu, badala ya kuwatafiti watu, ina mizizi mirefu katika jiji hili. Marja-Liisa Swantz, mwanaanthropolojia kutoka Finland, aliishi na Wazaramo Bunju katika miaka ya 1960, kisha akafanya kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alitilia shaka mtafiti anayekuja, anauliza, anaondoka na daftari. Mradi wa Jipemoyo ulioanza mwaka 1975 huko Bagamoyo uliwaweka wakulima na wafugaji ndani ya utafiti: wajadili tatizo, wachunguze, wachukue hatua, wajadili tena. Miaka hiyohiyo ya 1970 mtafiti Budd Hall alikuwa katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo karibu watu milioni 2 walikaa katika vikundi wakisikiliza redio, wakijadili, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Utafiti shirikishi unaofundishwa leo katika vyuo vya dunia nzima unawataja wote wawili kati ya waasisi wake. Wanafunzi wetu wanausoma kwa Kiingereza, katika vitabu vya kigeni, bila kujua kwamba sehemu ya chemchemi yake iko mwendo wa daladala moja kutoka darasani.

Kiingereza, ndiyo. Vikwazo viko vingi, muda, fedha, wingi wa mashauri, na kila afisa anavijua. Cha lugha ndicho ningependa kukisema kwa nguvu. Shauri linasikilizwa kwa Kiswahili. Ushauri unatolewa kwa Kiswahili. Jalada, mara nyingi, ni Kiswahili. Utafiti mwingi kuhusu maisha hayohayo umeandikwa kwa Kiingereza, mwingine ndani ya majarida yanayouzwa kwa dola. Mtafiti aliyehojiwa na kamati ya maadili, akapata kibali, akakaa Tandale miezi sita akiuliza maswali kwa Kiswahili, anaondoka na kuandika kwa lugha ambayo waliomjibu hawawezi kuisoma. Kurasa nne za Kiswahili, ziachwe ofisi ya mtendaji wa kata na ofisi ya ustawi ya manispaa, si gharama kubwa. Ningependa liwe sharti la kibali.

Kitu kingine tunachokipoteza ni ripoti za mafunzo kwa vitendo. Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Kijitonyama, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, na vyuo vingine vilivyofuata, hupeleka wanafunzi maofisini. Wanakaa wiki kadhaa, wanaona mashauri, wanaandika, wanapewa alama, basi. Ofisi iliyowapokea haibaki na swali lililojibiwa. Kwa nini ofisi isiwe ndiyo inayotoa swali?

Na swali halihitaji kuwa kubwa. Tuseme ofisi ya manispaa inayopokea migogoro ya matunzo. "Nakupeleka ustawi!" ni kauli inayojulikana kila mtaa wa Dar, na kweli wanakuja. Baba na mama wanakaa, wanasikilizwa, inaandikwa hati ya makubaliano: baba atatoa kiasi fulani kila mwezi. Wanatia sahihi. Shauri linahesabiwa kwamba limesuluhishwa, na mwisho wa robo mwaka linaingia kwenye taarifa kama mafanikio. Je, mwezi wa pili alilipa? Ni ofisi ngapi zinaweza kukuambia?

Afisa anaweza kujua bila fedha za mtu. Kwenye daftari la mashauri anachora safu mbili mwishoni, "mwezi wa 2" na "mwezi wa 3", na kila Ijumaa anapiga simu chache. Anaandika kalipa, kalipa nusu, hakulipa. Kuhesabu majalada yako ili uboreshe huduma yako ni sehemu ya kazi. Ukitaka kuyachapisha au kumpa mtu wa nje, hapo inahitajika idhini ya mwajiri, ruhusa ya wahusika na kibali cha utafiti, na majina yafutwe kabla karatasi haijatoka chumbani. Siri ya mteja haipungui thamani kwa sababu kuna mtu anataka shahada.

Baada ya miezi sita daftari linaanza kusema. Pengine ataona hakuna tofauti kati ya makubaliano yaliyofanyika mbele ya wazee na yale yaliyofanyika bila wao. Pengine ataona hati za kila mwezi zinakufa mapema kuliko zile chache ambazo baba aliomba atoe kila Jumamosi, na atamkumbuka dereva wa bodaboda ambaye hela yake haijawahi kukaa mwezi mzima mahali pamoja. Hapo atakuwa na swali la kumpa mwanafunzi atakayeletwa msimu ujao: nenda Tandika, nenda Manzese, kaa na wanaolipa na wasiolipa, uwaulize hela inaingiaje na inatokaje. Na mwanafunzi akiuliza safu hizi mbili zilizochorwa kwa rula ni za nini, mbona hazimo kwenye fomu, dada wa ustawi atamvutia kiti amwonyeshe.